Gari la Mbio na Mfuko wa Nyumba

Kila gari lina hesabu tatu za mafuta. Ya kwanza ni ile iliyoandikwa na kiwanda. Ya pili ni ile ambayo mwenye gari huitaja mbele ya wenzake. Ya tatu ni ile inayotoka mfukoni mwake kabla ya mwisho wa mwezi. Katika gari dogo la kazi hesabu hizo tatu hukaa karibu karibu, kama ndugu wa nyumba moja. Katika gari la mbio hutengana sana, na pengo lililo baina yao hulipwa na watu ambao mara nyingi hawakuulizwa neno lolote siku gari lilipokuwa likinunuliwa: mke, watoto, na wazee waliobaki kijijini.

Katika Uganda na Kenya gari la mbio ambalo jina lake liko midomoni mwa watu ni Subaru Impreza, hasa ile yenye injini ya turbo. Sifa yake haikuja bure. Impreza ilianza kutengenezwa Japani mwaka 1992, na muda si mrefu ikaingia katika mashindano ya dunia. Colin McRae wa Uskoti alipata nayo ubingwa wa dunia mwaka 1995, Richard Burns wa Uingereza mwaka 2001, na Petter Solberg wa Norway mwaka 2003. Wala watu wa Afrika Mashariki hawakuhitaji kuhadithiwa habari hizo na wageni, kwani waliziona kwa macho. McRae alishinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1997 akiwa na Impreza, na Burns akashinda mwaka 2000 akiwa na gari la aina hiyo hiyo. Vijana waliosimama wakati ule kando ya barabara za vumbi kulishangilia gari la buluu leo ni watu wazima wenye mishahara, na baadhi yao wamevaa sare ya taifa.

Chukua mfano wa sajini mmoja kati yao. Ametumika Somalia katika kazi ya kulinda amani, ambayo majeshi ya Uganda yaliianza Mogadishu mwezi Machi 2007. Ameweka akiba. Arudipo nyumbani anamaliza paa la nyumba, analipa ada za shule, kisha zinabaki fedha za kununua gari la mtumba. Ndoto ya ujana inamwita, naye anaitika. Hakuna wa kumlaumu, kwa kuwa fedha ni yake na aliipata kwa jasho na hatari. Lakini siku mkewe amuulizapo, "Baba watoto, gari hili linakunywa kiasi gani?" naye akajibu, "Halinywi sana, mama," jibu hilo si la hesabu. Ni jibu la mapenzi, na mapenzi hayajazi tangi.

NGUVU INAKOTOKA

Ili mtu aweze kutoa jibu la hesabu, yafaa kwanza ajue kinachotendeka chini ya boneti. Injini ya Impreza ina mitungi minne iliyolala, miwili upande huu na miwili upande ule, na pistoni zake huenda na kurudi zikitazamana. Katika aina ya turbo, moshi unaotoka katika mitungi huzungusha feni ndogo, na feni hiyo huzungusha mwenzake anayesukuma hewa ya ziada ndani ya injini. Hapo ndipo nguvu inapozaliwa. Lakini hewa haiungui peke yake. Kwa mwako ulio sawa, kila kilo moja ya petroli huenda pamoja na kilo 14.7 za hewa. Turbo ikisukuma hewa nyingi, petroli nayo lazima iwe nyingi.

Liko jambo jingine ambalo wengi hawalijui. Dereva anapokanyaga mafuta hadi chini, joto la mitungi hupanda mno. Ili pistoni zisiharibike, kompyuta ya injini huongeza petroli kupita kiasi kinachoweza kuungua chote. Petroli hiyo ya ziada haisukumi gari mbele hata hatua moja, kwa kuwa kazi yake ni kupoza tu. Basi katika nukta zile za fahari, wakati sauti ya ekzosi inapowageuza watu shingo, sehemu ya fedha ya sajini hupita injinini ikifanya kazi ya maji.

Kadhalika gari hili huendesha magurudumu yote manne. Jambo hilo ni la msaada mkubwa katika tope na mvua, lakini vyuma vinavyopeleka nguvu mbele na nyuma vina uzito wake na msuguano wake, navyo hudai sehemu yao kila siku, hata barabara ikiwa kavu.

Tofauti hiyo inaweza kuonekana kwa tarakimu. Nchini Marekani serikali hutangaza ulaji wa mafuta wa magari mapya. Kwa magari ya mwaka 2015, Impreza ya kawaida ya lita 2.0 yenye giya za otomatiki ilipewa wastani wa takriban lita 7.6 kwa kila kilomita 100. Ndugu yake wa mbio, WRX STI ya lita 2.5 yenye nguvu ya farasi 305, ilipewa takriban lita 12.4. Jina la ukoo ni moja, lakini mmoja anakula chakula cha mtu mmoja na mwingine anakula cha mtu mmoja na nusu na kuzidi. Huyo wa pili tena huchagua chakula, maana amepangiwa petroli ya daraja la juu. Magari ya namna hii yaliyotengenezwa kwa soko la Japani yalipangwa kwa petroli ya huko yenye oktani inayokaribia 100. Yakipewa petroli ya oktani ya chini, kompyuta hurudisha nyuma wakati wa cheche ili kuilinda injini, na hapo nguvu hupungua pamoja na umbali ambao lita moja ingefika.

AHADI YA KIWANDA

Wengi husema kwamba viwanda husema uongo. Neno hilo ni zito kupita haki. Kiwanda hupima gari kwa kanuni zilizowekwa na serikali, ndani ya chumba, juu ya magogo ya chuma yanayozunguka, kwa mwendo uliopangwa nukta kwa nukta. Shida ni kwamba mwendo huo si mwendo wa binadamu mwenye haraka. Kipimo cha zamani cha Japani, ambacho kwacho magari mengi ya mtumba yaliyoletwa Afrika Mashariki yalipimwa, hakikuvuka kilomita 70 kwa saa. Kipimo cha zamani cha Ulaya kilichukua dakika 20 hivi na umbali wa kilomita 11, kwa wastani usiofika kilomita 34 kwa saa. Gari la mbio lililopimwa hivyo ni kama mwanamieleka aliyepimwa njaa yake akiwa amelala.

Serikali zenyewe zilikwisha kuliona kosa hilo. Marekani ilibadili hesabu zake kuanzia magari ya mwaka 2008, ikaongeza mwendo wa kasi, ukanyagaji wa nguvu, kipoza hewa na baridi. Ulaya ilileta kipimo kipya kuanzia mwaka 2017, cha dakika 30 na kilomita 23, kinachofikia kilomita 131 kwa saa. Hata hivyo pengo halikwisha. Mwaka 2024 Halmashauri ya Umoja wa Ulaya ilitoa taarifa iliyotokana na vifaa vya kurekodi mafuta vilivyomo ndani ya magari yenyewe. Ilionekana kwamba magari ya petroli na dizeli yaliyosajiliwa mwaka 2021 yalikuwa yakitumia barabarani mafuta mengi kuliko ya kipimo kwa asilimia 20 hivi. Ikiwa hali ndiyo hiyo katika barabara za Ulaya, dereva wa Kampala mwenye foleni, matuta na boda boda zinazokatiza mbele yake asitegemee nafuu.

MGUU WA DEREVA

Hata hivyo ingekuwa kosa kulitupia gari lawama zote. Liko gari moja la Ufaransa, Bugatti Veyron, lililotoka mwaka 2005 likiwa na mitungi 16 na nguvu ya farasi 1,001. Likiendeshwa kwa kasi yake yote, ya zaidi ya kilomita 400 kwa saa, tangi lake la lita 100 huisha kwa muda wa dakika 12 hivi. Kwa hesabu hiyo kilomita 100 zingekula zaidi ya lita 120. Lakini gari hilo hilo katika kipimo rasmi, kwa mwendo wa kawaida, lilitumia lita 24 hivi. Injini ni ile ile na tangi ni lile lile, na tofauti imezidi mara tano.

Mwaka 2008 kipindi cha televisheni cha Uingereza kiitwacho Top Gear kilifanya jaribio lililochekesha na kufundisha. Toyota Prius, gari maarufu kwa kubana mafuta, iliendeshwa katika uwanja wa mbio kwa nguvu zake zote. Nyuma yake ikafuata BMW M3, gari la mbio la mitungi minane, ambayo kazi yake ilikuwa kutoachwa tu. Mwisho wa mizunguko kumi, Prius ilikuwa imetumia kiasi cha lita 16.4 kwa kilomita 100, na M3 kiasi cha lita 14.6. Haina maana kwamba mtu anayetaka kubana mafuta anunue M3. Maana yake ni kwamba mguu wa dereva una kauli kubwa kuliko jina lililobandikwa nyuma ya gari.

Mguu huo unaweza kupigiwa hesabu. Gari la kilo 1,500 linapotoka katika kusimama hadi kufikia kilomita 100 kwa saa, hutumia kwa ajili ya kuupata mwendo huo peke yake kiasi cha mililita 70 za petroli, yaani finjani moja ya kahawa. Dereva akifunga breki, finjani hiyo hugeuka joto katika vyuma vya breki na kupotelea hewani. Akiondoka tena kwa kishindo, anamimina nyingine. Finjani kumi na nne ni lita moja. Dereva anayetazama mbali, akaona taa nyekundu au tuta mapema, akaondoa mguu na kuliacha gari lijiendee lenyewe, hunywa kahawa yake mwenyewe badala ya kuimwaga.

Kuna pia mafuta yanayoliwa bila kwenda popote. Injini ya lita mbili inayonguruma mahali pamoja hutumia karibu lita moja kwa saa. Polisi wa doria anayekaa saa tatu kando ya barabara na injini ikiwaka ametumia lita tatu kwa kilomita sifuri, na baba anayengoja watoto nje ya shule huku kipoza hewa kikivuma yumo katika hesabu hiyo hiyo.

Barabara kuu ina mtego wake. Ili kwenda kilomita 90 kwa saa katika tambarare, gari la ukubwa huu linahitaji nguvu ya farasi 20 hivi tu. Farasi wengine zaidi ya 200 waliolipiwa wamelala. Lakini upinzani wa hewa hukua kwa kasi mara kasi, na kutoka kilomita 90 hadi 120 hewa hiyo hurudisha gari nyuma kwa nguvu iliyoongezeka karibu asilimia 80. Kampala hadi Gulu ni kilomita 330 hivi. Katika karatasi, mwendo wa 120 unaokoa dakika 55. Barabarani, kati ya malori, mifugo na miji midogo yenye matuta, dakika hizo hazipatikani zote, lakini petroli yake hulipwa, na wakati mwingine hulipwa na kitu kisichorudishwa kwa fedha. Polisi wa trafiki wanaoitwa kuondoa miili katika mabaki ya magari ya mbio hawahitaji kuelezwa neno hili.

DAFTARI LA NYUMBANI

Basi hesabu ya kweli hupatikanaje? Haihitaji fundi wala mashine. Inahitaji daftari la watoto la kuandikia, kalamu na uaminifu. Jaza tangi mpaka pampu ikatike yenyewe, kisha andika kilomita zilizo katika mita. Endesha kama kawaida, bila kujionyesha na bila kujibana. Siku ya kujaza tena, jaza katika kituo kile kile mpaka pampu ikatike, kisha andika lita zilizoingia na kilomita mpya. Kama mita ilisoma 84,210 na sasa inasoma 84,530, gari limekwenda kilomita 320. Kama lita zilizoingia ni 46, gawa 46 kwa 320, zidisha kwa 100, upate lita 14.4 kwa kilomita 100, yaani kama kilomita saba kwa lita. Rudia mara tatu au nne, maana tangi moja laweza kudanganya. Namba iliyo katika dashibodi ya magari ya siku hizi inasaidia, lakini pampu ndiyo inayotoza fedha, na pampu ndiyo ya kuaminiwa.

Madereva wa magari ya jeshi na polisi hawaoni ajabu katika jambo hili, kwa kuwa kazini kila safari huandikwa na kila lita hutiwa sahihi. La ajabu ni kwamba mtu huyo huyo anayeandika lita za serikali kwa uangalifu arudipo nyumbani hununua mafuta yake ya shilingi elfu ishirini ishirini, leo hapa, kesho pale, mpaka yeye mwenyewe asijue mwezi umemeza kiasi gani.

Sasa mrudie yule sajini. Anakwenda kilomita 30 kwa siku, siku 26 kwa mwezi, jumla kilomita 780. Ikiwa kitabu cha gari kinasema lita 10 kwa kilomita 100, alitegemea lita 78. Daftari likisema kwamba katika foleni gari hunywa lita 16, ametumia karibu lita 125. Tofauti ni lita 47. Bei ya lita ikiwa shilingi 5,000, tofauti hiyo ni shilingi 235,000 kwa mwezi, na kwa muhula wa miezi mitatu ni zaidi ya shilingi laki saba. Hapo mke na mume hawana haja ya kugombana juu ya tabia za mtu. Wanaweza kuketi mezani na kuitazama namba moja: laki saba hizi zibaki katika tangi, au ziende shuleni, au gari lipumzike siku za kazi litumike Jumapili? Kila nyumba itaamua yake. Lakini itaamua ikiwa imeona, na mama wa nyumba atakuwa ameshiriki katika uamuzi ambao zamani uliletwa mlangoni ukiwa tayari unanguruma.

Daftari lina faida ya pili, kwani hulitambua gari mgonjwa kabla halijalala. Namba ikipanda ghafla bila njia kubadilika, kuna sababu. Tairi zisizo na upepo wa kutosha hula mafuta. Chujio la hewa lililojaa vumbi hupunguza nguvu, na dereva hukanyaga zaidi kuitafuta. Kihisio cha oksijeni kilicho katika bomba la moshi kikifa, injini yaweza kupoteza mafuta mengi sana, na wataalamu wa serikali ya Marekani wamesema kwamba kurekebisha hitilafu kama hiyo kwaweza kuleta nafuu ya hata asilimia 40. Pua ya mama akisema kwamba gari linanuka petroli isidharauliwe. Na mwenye gari ajihadhari na fundi anayeahidi kuongeza nguvu na kupunguza ulaji kwa pamoja kwa kubadili ekzosi na kuchezea kompyuta, maana nguvu ya ziada hutoka katika petroli ya ziada.

MAFUTA YA NCHI ISIYO NA BAHARI

Jambo hili si la nyumba moja tu. Sehemu kubwa ya petroli ya Uganda hushushwa Mombasa, kisha husafiri mamia ya kilomita kuvuka mpaka. Njia hiyo imewahi kuziba. Mwaka 1976, baada ya uvamizi wa Entebbe, uhusiano wa Uganda na Kenya uliharibika na mafuta yakaadimika. Mwezi Januari 2008, ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya ziliikata njia, na vituo vya Kampala vikakauka. Mwezi Januari 2022 malori yalisimama kwa foleni ndefu mipakani Malaba na Busia kwa sababu ya masharti ya kupima UVIKO, na bei ikaruka. Katika siku kama hizo gari la wagonjwa, gari la doria na lori la chakula hugombania tone moja na gari la anasa. Mtu aliyezoea kuyapima mafuta yake hapatwi na fadhaa, kwani anajua tangi lake litamfikisha wapi na safari ipi yaweza kungoja.

Askari hufundishwa tangu siku zake za kwanza kuhesabu risasi. Hakuna anayemwona mwoga kwa kuhesabu, wala hakuna anayemsifu anayezimimina zote hewani ili wenzake wasikie mlio. Silaha yenye nguvu hukabidhiwa mtu mwenye nidhamu, na nidhamu hiyo huonekana zaidi wakati anapojizuia. Injini ya farasi 280 ni amana ya namna hiyo. Anayeimiliki na aifurahie, kwa kuwa kazi ya mikono ya mafundi wa Japani inastahili kufurahiwa. Ila kabla ya kuiwasha kesho asubuhi, na atie daftari na kalamu katika kisanduku kilicho mbele ya kiti cha abiria, na siku ya kujaza tangi amwachie mama watoto aandike namba. Baada ya miezi mitatu watakuwa na jibu moja la nyumba nzima, na mtoto anayeuliza ada yake iko wapi ataweza kujibiwa bila mtu kutazama chini.